Nilijipeleka Arboretum Peke Yangu, Nikakuta Treni

Jumatano iliyopita nilikuwa na siku nzima bila kazi, mia tano mfukoni, na beste yangu akaniacha kwenye mataa. Tulikuwa tumepanga kwenda kupiga picha Arboretum. Saa mbili asubuhi akanitumia ujumbe: "Maze sitatoboa leo." Hivyo tu. Nikakaa kitandani nikijihurumia kama dakika kumi, halafu nikajiuliza: kwani miguu yangu inatembea kwa ruhusa ya nani?

Nikaenda peke yangu. Na kwa sababu sikuwa na mtu wa kupiga naye stori, nilijipata nikifanya kitu ambacho sijawahi kufanya kwa zile mara zote nimeenda huko: kusoma vibao kwenye miti. Jioni nilirudi nyumbani nimeshangaa na, tuseme ukweli, nimeona haya kidogo.

Wacha nikupe jambo lenyewe mapema, hata kama utatoroka hapa katikati. Arboretum haikuanzishwa ili mimi na wewe tupunge hewa. Ilianzishwa kwa sababu treni ilikuwa na njaa.

Sasa twende polepole.

Nilishuka mathree tao nikaamua kutembea. Ni kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya jiji, na njia yenyewe ni darasa. Pale Central Police, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk, ndipo umati ulikusanyika tarehe 16 Machi 1922 kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amekamatwa kwa sababu ya kelele alizopiga kuhusu kodi, kazi ya lazima na kipande. Wanaume walipoanza kusitasita, Muthoni Nyanjiru aliwakemea, wanawake wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Wengine walisema waliokufa ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao.

Leo wanafunzi wanapita hapo na muziki masikioni wakikimbilia lekcha. Hata mimi nimepita hapo mara mia. Weka hilo neno "kipande" mahali, tutalirudia.

Nikapanda State House Road, nikapita hosteli, nikafika langoni. Nililipa kwa simu, nikaingia na chupa yangu ya chuma. Kama hukujua, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye misitu na mbuga zilizohifadhiwa, kwa hivyo ile chupa ya maji ya dukani iache nyumbani.

Ndani mambo yalikuwa yaleyale. Wazee wawili wanatembea mbio kuliko mimi. Kikundi kinaomba chini ya mti kwa sauti ambayo hata Kileleshwa lazima waliisikia. Dada mmoja amevaa gauni refu anapigwa picha za siku ya kuzaliwa. Tumbili mmoja ananiangalia kama mtu anayejua nina ndizi kwenye begi, na nilikuwa nayo. Nikakaa kwenye benchi, nikaila haraka kabla hajajipanga, kisha nikaanza kuzunguka.

Mti wa kwanza niliosoma: asili yake Australia. Wa pili: Meksiko. Wa tatu: Australia tena. Nikapita mjakaranda, ule ule unaofanya Nairobi yote kuwa zambarau kila Oktoba na kila mtu anaposti picha na kuandika "jiji langu". Asili yake ni Amerika Kusini. Manze, nikasimama. Niko katikati ya Nairobi, nimezungukwa na miti ambayo nimeiona maisha yangu yote, na mingi yake ni wageni. Nani aliileta? Na kwa nini?

Hapo ndipo treni inaingia.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Mei 1899 ikafika kwenye kinamasi kando ya mto ambao Wamaasai waliuita Enkare Nyirobi, maji baridi. Desemba 1901 ikafika ziwani, pale tunapopaita Kisumu. Shuleni tulisimuliwa sana habari za simba wa Tsavo waliokula wafanyakazi. Lakini kulikuwa na mnyama mwingine mwenye tumbo kubwa zaidi: injini yenyewe. Injini ya mvuke inakula moto, na moto unataka kuni. Makaa ya mawe hayakuwa yakichimbwa hapa. Kwa hivyo misitu iliyokuwa karibu na reli ikaanza kuingia tumboni mwa treni, gogo baada ya gogo.

Shida ikaonekana upesi. Mutarakwa, yaani mwerezi wetu wa milimani, huchukua miongo mingi kukomaa. Podo pia. Ukiukata leo, atakayevuna tena ni mjukuu wako. Treni haiwezi kungoja mjukuu. Kwa hivyo mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilikuwa na idara ya misitu na kanuni za misitu, na mwaka huohuo ndio unaotajwa kuwa mwaka mikaratusi ilipoletwa nchini kutoka Australia. Mkaratusi una tabia mbili ambazo mhasibu yeyote angezipenda. Unakua mbio. Na ukiukata, kisiki kinachipua tena bila wewe kupanda upya.

Mwaka 1907, afisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe akaanzisha Nairobi Arboretum kama shamba la majaribio. Swali lilikuwa moja: kati ya miti yote ya dunia, ni ipi itakayokubali udongo na baridi ya hapa, ikue haraka, itoe mbao na kuni? Kila mti mgeni uliopandwa pale ulikuwa kama mtu aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi. Waliofaulu walipelekwa kwenye mashamba makubwa ya serikali. Waliofeli wakabaki pale kama kumbukumbu. Na mwaka huohuo wa 1907, kwa jirani kabisa, jumba la gavana lilijengwa. Ndilo Ikulu ya leo.

Sasa unaelewa kwa nini ukizunguka pale ni kama umezunguka dunia bila pasipoti. Eneo lote ni kama hektari 30, lakini kuna aina zaidi ya 350 za miti. Hazikutua hapo kwa upepo.

Na Nairobi haikuwa peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya bustani za mimea wakati ule. Sisi tukisikia "bustani" tunawaza maua na harusi, lakini kwa ufalme wa Uingereza bustani ilikuwa ofisi ya kazi. Pale Kew, London, ndipo mbegu za dunia zilipitia. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alipeleka Kew mbegu kama 70,000 za mpira kutoka Brazil. Zilizoota hazikuwa nyingi, lakini miche ikapelekwa Ceylon na Singapore, na miaka kadhaa baadaye mashamba ya Asia yakaiangusha biashara ya mpira ya Brazil. Safari ya mbegu tu, na uchumi wa watu ukahama bara.

Huku kwetu, Waingereza walifungua bustani ya Entebbe mwaka 1898. Wajerumani nao wakaanzisha kituo cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Miaka tisa kabla ya hapo, Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Amerika. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 ndipo yakatoka mashamba ya mkonge yaliyobeba uchumi wa Tanganyika kwa miongo mingi. Na sisi? Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kwa hivyo ile chai ya maziwa unayosema ni utamaduni wetu wa tangu zamani ina umri karibu sawa na Arboretum.

Sisemi hivyo ili uache chai. Mimi siwezi. Nasema tu kwamba mandhari tunayoyaona ni ya asili yalipangwa na mtu ofisini, akiwa na orodha na hesabu, si zamani sana.

Na hesabu hiyo ililipwa na nani?

Kanuni za misitu zilipoanza, msitu ambao watu walichuma dawa, kuni na asali ukageuka kuwa mali ya serikali. Mtu aliyeingia kama babu yake alivyoingia akawa mvunjaji wa sheria. Mwaka 1910 ukaja mfumo wa shamba: familia za Waafrika ziliruhusiwa kulima chakula ndani ya msitu wa serikali kwa miaka michache, nazo zikipanda na kupalilia miche ya serikali hapohapo. Miti ikikua na kufunika jua, unasongezwa mbele, unaanza upya. Miti ilipata makazi ya kudumu kuliko waliyoipanda.

Halafu kuna kile kipande. Kuanzia 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba karatasi ya utambulisho na ya kazi, mara nyingi ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila hicho, askari anakushika. Fikiria kijana wa miaka yangu, mwaka 1925, ameamka na siku moja bila kazi, akaamua tu kutembea peke yake kutoka Pumwani hadi Arboretum akaangalie miti. Kwa sababu gani? Anaenda kwa nani? Nani amemwandikia? Kutembea bila sababu, kitu nilichofanya mimi Jumatano kwa sababu beste amenizima, kwake kilikuwa hatari.

Hapo ndipo ile siku ilibadilika kwangu. Nilikuwa nimeanza safari nikijihurumia kwamba niko peke yangu. Nikakumbuka kuna watu walipigwa risasi kilomita moja na nusu nyuma yangu wakipinga sheria iliyowanyima hata hiyo nafasi ya kuwa peke yao.

Nikaendelea kutembea. Karibu na upande wa mto nikakuta mti wenye majani makubwa, na chini yake maua meupe yamelala kama karatasi laini iliyokunjwakunjwa. Kibao kilisema Cordia africana. Africana! Hatimaye mtu wa nyumbani. Lakini jina lake kwa lugha yetu sikulijua. Sikulijua kabisa. Najua majina ya wachezaji wote wa timu yangu pamoja na wa akiba, lakini mti wa kwetu nimeutambua kwa Kilatini.

Nikampigia shosh huko Murang'a. Mimi nina jina la babu, kwa hivyo yeye huniita mzee wake.

"Mzee wangu, leo umenikumbuka. Unaumwa?"

"Hapana shosh, niko sawa. Nataka kukuuliza mti."

Nikamwelezea. Hakuningoja nimalize.

"Majani yanakwaruza kama msasa? Maua meupe? Huo ni mũringa. Babu yako alichonga mizinga ya nyuki kwa mti huo. Mbao zake hazisumbui. Tulikuwa nao mmoja mkubwa pale mpakani."

"Pale kwenye mikaratusi?"

"Hapo hapo. Tuliukata."

"Mbona mliukata, shosh?"

Akanyamaza kidogo. "Si karo ya baba yako? Tuliukata tukapanda mikaratusi, tukauza nguzo. Mũringa ungetupa asali. Shule haikutaka asali."

Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimekaa pale saa mbili nzima nikiandika kichwani posti kali ya kuulaani mkaratusi: mti wa mkoloni, mti unaokunywa maji, mti uliokuja kulisha treni. Kumbe ndio uliomsomesha baba yangu. Bila huo mti sijui kama mimi ningekuwa Nairobi na simu ya kumpigia shosh.

"Na maji ya pale bondeni yalipungua?" nikamuuliza.

"Yalipungua. Sijui ni miti ama ni mvua ilibadilika. Lakini yalipungua."

Hilo jibu nalipenda kwa sababu halidanganyi. Wengi wetu mtandaoni tunataka historia yenye mtu mbaya mmoja. Historia ya shosh haina. Kuna treni iliyotaka kuni, serikali iliyoleta mti, mkulima aliyehitaji karo, kampuni iliyotaka nguzo za stima, na bonde lililobaki na maji kidogo. Kila mtu alifanya hesabu yake. Mwaka 2009 serikali yetu wenyewe, kupitia waziri John Michuki, iliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Karibu miaka mia moja tangu ule mtihani wa Battiscombe, ndipo tukasahihisha swali moja ambalo hakuliuliza: mti huu utakunywa nini?

Na kuna swali lingine. Mti huu ni wa nani?

Wangari Maathai alililiona hilo kabla yetu. Katika kitabu chake Unbowed anasimulia mgumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Aliporudi baadaye akiwa mtu mzima, mti ulikuwa umekatwa na kijito alichochezea utotoni kimekauka. Ndipo unaelewa kwa nini mama huyo alisimama mwaka 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, na kwa nini mwaka 1999 alivamiwa akijaribu kupanda miti Karura. Hakuwa anapigania mapambo. Alijua kila mti una mwenyewe, na asiposema kitu, mwingine atajiandikisha.

Hata Arboretum imebaki kwa sababu ya watu waliosema kitu. Ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini tangazo la serikali pekee halilindi ardhi katika jiji hili, sote tunajua. Mwaka 1993 wananchi wakaunda kikundi cha Friends of Nairobi Arboretum kusaidia kuitunza. Watu wa kawaida, na upendo wao wa miti.

Kwa nini nakuambia haya yote sasa? Kwa sababu tuko kwenye mtihani mwingine. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo ya kwenda kupanda. Wengi wetu tulipiga selfi na mche, tukapata laiki, tukarudi nyumbani. Nilikuwa mmoja wao. Na leo, aki ya nani, siwezi kukuambia nilipanda mti gani. Sikuuliza.

Hiyo ndiyo aibu niliyorudi nayo. Battiscombe mwaka 1907 alijua jina la kila mche aliouweka ardhini, anataka ufanye kazi gani na umfanyie nani. Alikuwa anamfanyia kazi mkoloni, lakini swali aliuliza. Sisi tuna uhuru, tuna simu zenye majibu yote, tunapanda kwa bilioni, na hatuulizi.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu, na unaweza kunipinga: idadi ya miti si kitu cha kujivunia mpaka tujue ni miti gani, imepandwa wapi na maji yake yatatoka wapi. Kuna mahali mkaratusi unafaa. Mwenye shamba kavu mlimani mbali na mto, anayehitaji karo, simwambii aishi kwa asali. Lakini pale kwenye chemchemi, kwenye shule, kando ya barabara zetu, kwa nini tusipande mũringa, mgumo, mũiri? Mũiri unaujua? Gamba lake linatengenezwa dawa ya tezi dume, limeuzwa Ulaya miaka mingi mpaka mti wenyewe ukahitaji kulindwa na mkataba wa kimataifa. Wao wanaujua. Sisi tunaupita tukienda kupiga picha kwenye jakaranda.

Ukitaka kwenda, nenda peke yako angalau mara moja. Beba chupa ya kujaza tena, vaa viatu vya kutembea, ficha ndizi. Chagua mti mmoja tu wenye asili ya huku, usome kibao, kisha umpigie mtu mzima wa kwenu umuulize: huu mnauitaje? Mlikuwa mnaufanyia nini? Uko wapi sasa? Hayo maswali matatu yatakupa historia ambayo haikuingia kwenye mtihani wa taifa.

Mimi nimeshapanga Desemba nikienda Murang'a nibebe miche miwili ya mũringa. Nilipomwambia shosh, alicheka sana. "Mzee wangu, utaanza kukatwa ukiwa na miaka sitini." Nikamwambia sitaki kuukata. Akasema, "Hata sisi tulisema hivyo."

Jambo la mwisho, nililigundua usiku nikiwa kitandani. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, hapa hapa Nairobi. Ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Mmoja wa ile saba ulikuwa Cordia. Mũringa, mti wa shosh.

Kwenu mnauitaje? Niandikie hapo chini. Na kama hujui, piga simu kwanza.